Fundi Aliyepima Viuno vya Watu Akasahau Chake

Jua bado halijatoka. Mama Vifungo ameketi ukingoni mwa kitanda na kiatu cha kulia mkononi, lakini hakivai. Anaingiza mkono ndani, anapapasa taratibu kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole, kisha anakipindua na kukigonga sakafuni. Hakidondoki kitu. Anachukua cha kushoto, anafanya vilevile.

Safari hii inadondoka pini.

Ni pini ndogo yenye kichwa cheupe, zile za kushikizia kitambaa kabla hakijapitishwa kwenye cherehani. Anaiokota na kuitazama kwa jicho la mtu aliyemkuta mwizi anayemfahamu. "Bado tu unanifuata?" anaiuliza, na kuichomeka kwenye kipande cha sponji kilichopo juu ya kabati.

Ndipo anapovaa viatu, anajitanda mtandio wake na kufungua mlango kimyakimya. Ana miadi. Anakwenda kukutana na mwanamume kwenye tangi la maji, katikati ya njia inayotoka nyumbani kwake kwenda kwenye kiwanda cha mikate. Mwanamume mwenyewe ni mume wake wa ndoa, wa miaka zaidi ya thelathini.

"Wapo wanaotuona alfajiri pale kwenye tangi wakadhani tuna mambo ya chini kwa chini," anasema huku akicheka. "Waache wadhani. Na sisi watu wazima tuna siri zetu."

Jina la Mama Vifungo amepewa na wateja. Mezani kwake kuna kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa vifungo vya kila sura, alivyoanza kuvikusanya tangu alipokuwa msichana anayejifunza ushonaji. Mtu akipoteza kifungo cha koti haendi dukani. Anakwenda kwake, naye huzamisha mkono koponi na kuibuka na pacha wa kile kilichopotea, au walau ndugu yake wa karibu.

Anafanyia kazi kwenye chumba kirefu na chembamba nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ndani kuna cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi na kioo kilichopasuka kona moja. Mwenzake humo ni fundi wa suruali na makoti, anayejulikana kwa jina la Mkasi. Wateja wanasema ulimi wake unakata kuliko kifaa chake, na yeye hajawahi kukanusha.

Siku ikiwa njema, Mama Vifungo hushona magauni matatu na marekebisho mawili matatu. Akishatoa kodi ya chumba, umeme na nyuzi, kinachobaki kinatosha chakula cha nyumbani na ada ya mtoto wa mwisho. Hakitoshi kuugua. Hilo analisema waziwazi, bila kulalamika.

Sifa yake kubwa ni jicho. Mtu akiwa bado anavuka barabara, yeye ameshajua gauni lake litakula kitambaa kiasi gani. Ataambiwa na kiuno cha mteja kwamba mwenye nacho ana mawazo, au ameolewa vizuri, au anaficha mimba hata mama yake hajaambiwa. Wateja humwogopa kidogo kwa hilo, na humpenda.

Kwa miaka yote hiyo, futi yake ya kupimia ilizunguka viuno vya nusu ya mtaa. Ni mtu mmoja tu ambaye haikuwahi kumzunguka, na mtu huyo alikuwa akiivaa shingoni kutwa nzima. Kinyozi hajinyoi, wanasema wahenga, lakini kinyozi angalau anajiona kwenye kioo.

*

Cherehani yake ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Ilimlea, anasema, na iliwalea watoto wake. Miaka sita iliyopita, baada ya kudunduliza karibu mwaka mzima, alinunua nyingine yenye mota. Ile ya zamani ikasukumwa ukutani, ikafunikwa kitambaa na kubebeshwa chupa ya chai.

Mota ilikuwa neema. Ilitaka kuguswa tu na ncha ya mguu mmoja, na mshono ukakimbia wenyewe. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja. Wateja wakaongezeka, na fundi akaacha kuinuka.

"Nikikaa asubuhi nimekaa," anamsimulia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji. "Nikitaka maji naletewa. Nikitaka uzi namwambia Mkasi anirushie."

Mkasi, aliye upande wa pili wa chumba na ambaye hakuulizwa, anadakia bila kuinua macho kwenye suruali anayoipinda. "Alikuwa anainuka kwa mambo mawili tu. Mteja akija kupimwa, na haja ikimbana. Na haja yenyewe walikuwa wanajadiliana kwanza."

"Nyamaza wewe, nani kakuita?"

"Nasaidia gazeti, dada."

Chakula nacho kilifuata mwendo wa mota. Asubuhi ilikuwa nusu ya mkate na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mchana, kwa kuwa hakuna muda, ilikuwa nusu iliyobaki na soda, palepale kwenye cherehani, mkono mmoja ukila na mwingine ukishika kitambaa. Jioni ndipo alipokula kweli: wali wa kujaza sahani, na mboga iliyowekwa pembeni kwa adabu tu. Kutoka hapo ni kitandani.

Watu wengine wakinenepa, nguo huwaambia. Zipu hugoma, kifungo huruka, mtu akajua. Lakini nguo za Mama Vifungo hazikupata nafasi ya kumsema mwenye nazo. Gauni likianza kubana, alilivua jioni, akalifumua pembeni, akaliachia kidogo na kulishona upya. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na asubuhi alilivaa likiwa limemkaa sawasawa.

Mafundi wengi huacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono ya pembeni, ili mteja akiongezeka gauni lisitupwe. Yeye kwenye magauni yake aliacha akiba pana kuliko ya mteja yeyote. Ilikuwa marupurupu ya ufundi.

"Mimi nilikuwa nasema kitambaa kimesinyaa," anasema, na safari hii hacheki. "Nalaumu viwanda. Nasema vitambaa vya siku hizi havina uaminifu."

Wahenga wanaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama Vifungo hakuuacha ufa wake tu. Aliupanua kwa mkono wake mwenyewe, kwa ustadi mkubwa, na kuupiga pasi.

*

Mchana mmoja, miaka miwili iliyopita, Mkasi aliinama chini ya meza kutafuta chaki yake.

"Dada," alisema akiwa hukohuko chini, "uzi mwekundu umekunasa mguuni."

Mama Vifungo alishangaa, kwa sababu siku hiyo hakuwa na kazi yoyote ya uzi mwekundu. Alivua ndala na kuutazama unyayo wake. Haukuwa uzi. Ilikuwa damu, imeteremka hadi kisiginoni na kuanza kukauka. Katikati ya unyayo, kichwa cheupe cha pini kilikuwa kimetulia juu ya ngozi kama kifungo kilichoshonwa vizuri.

Pini yote ilikuwa imezama ndani. Tangu saa ngapi? Mpaka leo hajui. Alikuwa ameshatembea kutoka nyumbani, ameshahudumia wateja, ameshasimama na kukaa, na hakuhisi chochote. Hata Mkasi alipoichomoa kwa kibanio, yeye alikuwa akimtazama tu, kama anayeangalia mguu wa mtu mwingine.

"Ningesikia maumivu ningefurahi," anasema. "Nilingoja yaje. Hayakuja. Hapo ndipo nilipoogopa."

Kwenye kituo cha afya alipokelewa na muuguzi kijana, wa umri wa binti yake. Kidonda kilisafishwa, kidole kikatobolewa kupima damu, naye akapandishwa kwenye mizani. Muuguzi aliusoma mshale, akamtazama, akausoma tena.

"Mama, umeanza lini kuongezeka mwili?"

"Mimi? Sijaongezeka, mwanangu. Nguo zangu zote zinanitosha."

Muuguzi alilitazama gauni lake. "Anayekushonea ni nani?"

"Najishonea mwenyewe."

Wakatazamana. Muuguzi aliuma midomo kuzuia kicheko, akashindwa, na Mama Vifungo naye akajikuta anacheka. Walicheka wote wawili mpaka mgonjwa wa pili akachungulia mlangoni. Kisha muuguzi akasoma kipimo cha damu, akaacha kucheka.

Daktari alimweleza bila kuzungukazunguka. Sukari ilikuwa imepanda mwilini kwa muda mrefu bila yeye kujua, na ilikuwa imeanza kuua hisia za miguu. Hisia iliyokwenda inaweza kurudi kidogo au isirudi, lakini iliyobaki inaweza kulindwa. Dawa angepewa. Chakula na mwendo ni yeye mwenyewe. Na viatu avikague kila siku kabla ya kuvivaa, maana mguu usiohisi hauna wa kuupigia kelele.

"Ukipata kidonda kingine usikione, mama," daktari alimwambia, "tutakuja kuzungumza mambo mengine hapa."

Hakuyataja mambo hayo. Mama Vifungo aliyaelewa. Fundi hushona kwa mikono, lakini husukuma cherehani kwa mguu.

Jioni ile alivua gauni lake la kijani, la kazini, akaligeuza nje ndani na kulishika karibu na taa. Pembeni mwa mshono, upande wa kulia na wa kushoto, kulikuwa na mistari ya vitundu vidogovidogo vilivyoachwa na sindano. Ulikuwapo mshono wa kwanza kabisa. Pembeni yake ulikuwapo wa pili, kisha mwingine, kisha mwingine, hadi ukingoni, ambapo kitambaa kilikuwa kimeisha.

"Nililia," anasema. "Sikulilia unene. Nililia kwamba nilikuwa najua kila kitu kuhusu kila mtu, na mimi mwenyewe nimejificha kwangu mwenyewe. Sasa nilikuwa namdanganya nani?"

*

Dawa alizianza kesho yake. Soda aliiacha wiki ileile. Kilichomshinda kilikuwa mkate, na si kwa sababu ya utamu wake.

Mume wa Mama Vifungo ni mwokaji. Amefanya kazi ya zamu ya usiku kwenye kiwanda kilekile tangu ujana wake, na kila alfajiri tangu walipooana hurudi na mkate mmoja wa moto aliouviringisha kwenye kitambaa na kuukumbatia kifuani usipoe. Kabla haujaingia tanurini huuchanja mistari mitatu juu kwa wembe. Mikate ya kiwanda haina alama hiyo. Huo ni wa nyumbani.

Si mtu wa maneno. Ukimsalimia anajibu, na hapo mazungumzo yamekwisha. "Huyu hajawahi kuniambia neno tamu hata siku ya harusi," anasema mkewe. "Kila siku alinipa mkate. Nami nilikuwa nausikia ule mkate unachosema."

Sasa angemwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba usilete tena?

Hakumwambia. Alimweleza kuhusu pini, na kuhusu sukari alisema "ipo kidogo". Kila alfajiri aliupokea mkate kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka mkobani akisema atakula kazini. Kazini akampa Mkasi.

"Mimi nilinenepa kwa ugonjwa wa mtu," anakiri Mkasi. "Na mkate ulikuwa mtamu, nisiseme uongo."

Siri iliishi majuma kadhaa. Kisha siku moja Mama Vifungo alisahau miwani nyumbani. Mumewe, badala ya kulala, akaamua kumpelekea. Alipoingia alimkuta mkewe ameinamia cherehani, na pembeni Mkasi amekaa na kikombe cha chai, mbele yake mkate uliochanjwa mistari mitatu, umebaki robo.

Mkasi, mwenye ulimi wa kukata, alikuwa na tonge mdomoni na hakuweza kusema hata neno moja. Mwokaji aliutazama mkate, akamtazama mkewe, akaiweka miwani juu ya meza ya kukatia. Akatoka.

Kesho yake alirudi mikono mitupu. Kesho kutwa vilevile. Hakugomba wala hakuuliza. Alilala akiwa ameelekea ukutani, na nyumba ikajaa ukimya kiasi kwamba mtoto wa mwisho alikula harakaharaka na kukimbilia chumbani kwake.

Aliyekata fundo hilo alikuwa wifi, dada mdogo wa mwokaji, anayeuza mboga kwenye soko dogo la jirani. Ni mtu anayeingia bila hodi na kuketi bila kukaribishwa. Aliwakuta wote wawili sebuleni, kila mmoja akitazama upande wake.

"Nimesikia mmenuniana kwa ajili ya unga na chachu," alisema. "Haya, wifi, anza wewe. Sukari unayo kidogo au unayo nyingi?"

Mama Vifungo alianza kukunja ncha ya mtandio wake.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua. Unataka tuje kuambiwa na msiba?"

Ndipo akasema yote: alichoambiwa na daktari, mguu usiohisi, na yale mambo mengine ambayo hayakutajwa. Alipomaliza, mumewe alikuwa amegeuka na kumkabili.

"Ungeniambia," mwokaji alisema.

"Ningekuambiaje? Kila siku unakuja umeukumbatia."

Mwokaji alisugua viganja vyake vyenye makovu ya tanuri. "Mimi nilidhani umenichoka," alisema mwishowe.

"Nikuchoke wewe?" Mama Vifungo alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Baba, nimechoshwa na sukari. Wewe nikuchoke unakwenda wapi?"

Wifi aliwatazama, akasonya kwa upendo. "Ndoa ya watu wazima, mnaificha nyuma ya mkate. Kaka, huyu hajakukataa wewe, amekataa kidonda. Nawe wifi, njoo sokoni kesho. Kwa miguu."

*

Tangu hapo mambo yakaanza kubadilika, taratibu, bila tarumbeta.

Muuguzi alikuwa amemwambia atembee kila siku, na yeye hakuwa na pa kwenda. Mumewe ndiye aliyepata jawabu. "Njoo unipokee," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Mwanzo walikutana kwenye kona ya mtaa, halafu kwenye duka la dawa, halafu mbele zaidi, hadi wakafika kwenye tangi. Hurudi pamoja wakipitia kwa wifi, ambaye huwa anapanga majani mabichi, karoti na nyanya, na ambaye hawaruhusu kupita bila fungu.

Mkate haukufutwa. Ulipunguzwa. Kwa ruhusa ya msimamizi wake, mwokaji huoka mwishoni mwa zamu kimkate kisichozidi ngumi, cha unga usiokobolewa. Muuguzi alikiona, akasema hicho kinaruhusiwa ilimradi kiwe kimoja. Juu yake kuna mistari mitatu, myembamba kwa sababu nafasi ni ndogo.

"Wa kwanza ulikuwa mgumu kama nini!" anasema Mama Vifungo. "Nikautafuna wote. Siku hizi amejifunza, ni laini."

Jikoni amebadilisha mpango wa sahani. Anaanza kupakua mboga, kisha maharage au samaki, na wali hupewa nafasi iliyobaki. "Zamani wali ndiye alikuwa mwenye nyumba na mboga mpangaji," anaeleza. "Sasa wamebadilishana mkataba." Sukari ya kwenye chai aliipunguza kidogokidogo mpaka siku moja, ugenini, akapewa chai tamu kama ile ya zamani na kushindwa kuimaliza.

Kwenye chumba cha kazi, badiliko kubwa ni la pasi. Kila mshono wa gauni lazima upigwe pasi kabla ya kushona unaofuata, na pasi ilikuwa ubavuni mwake, haikutaka hata kuinuka. Aliihamishia mwisho wa chumba, pamoja na maji ya kunywa. Sasa kila akimaliza mshono ni lazima asimame na kutembea.

Mkasi alilalamika kwamba anapitwa-pitwa kama yuko stendi. Baada ya muda naye akaanza kuinuka, kisha akakiri, kwa sauti ya chini, kwamba mgongo wake umepoa.

Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, Mama Vifungo huondoa chupa ya chai juu ya cherehani ya zamani na kuikanyaga kwa miguu yote miwili, akiwa na viatu vya kufunika. Muuguzi alimwambia ni vizuri, ila hakuchukui nafasi ya kutembea. "Nilidhani miguu imesahau," anasema. "Wa kulia ulikumbuka haraka. Wa kushoto ulihitaji kubembelezwa."

Haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka jana, msimu wa sare za shule, oda zilimfunika. Pasi ikarudi ubavuni. Soda ikarudi. Mumewe akawa anapita kwenye tangi peke yake. Alipokwenda kupimwa, kipimo kilikuwa kimepanda, na muuguzi akakiandika kwenye kadi yake.

"Nilitaka anigombeze," anasema. "Alinitazama tu na kuniandikia tarehe ya kurudi. Nilitoka pale najisikia mdogo kama punje."

Ni Mkasi aliyemkuta ameshika tama. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, dada," alisema. Kisha akaibeba pasi mwenyewe hadi mwisho wa chumba na kuufunga waya wake kwenye nondo za dirisha, fundo la mwanamume. Halijafunguliwa hadi leo. Mama Vifungo aliwarudishia wateja baadhi ya vitambaa, na msimu ule alipoteza karibu robo ya mapato. Walikula kwa kubana. Kipimo kilichofuata kilikuwa kimeshuka.

Mguu wa kulia sasa unahisi karibu kila kitu. Vidole viwili vya kushoto bado vimelala, na daktari hajaahidi kwamba vitaamka.

"Basi navilinda vikiwa vimelala," anasema. "Kama mtoto."

*

Tangi la maji liko nusu ya njia. Baada ya hapo kuna kilima chenye mawe, na juu ya kilima ndipo lilipo geti la kiwanda. Mama Vifungo hajawahi kufika. Mawe yanamtisha, kwa ajili ya vile vidole viwili. Lakini mwisho wa mwaka huu mumewe anastaafu, na mkewe amepanga kwamba alfajiri ya zamu ya mwisho hatamngojea kwenye tangi.

"Nitampokea getini," anasema. "Miaka yote amekuja yeye. Siku hiyo nakwenda mimi."

Siku za Jumapili wanajaribu kilima pamoja, polepole, yeye akiwa na viatu vya soli nene, mume akitangulia na kusogeza mawe kwa mguu. Jumapili iliyopita walifika kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu na kilele.

Kwa ajili ya alfajiri hiyo anajishonea gauni. Kitambaa cha bluu kiko juu ya meza ya kukatia, kimenyooshwa. Mwokaji, ambaye saa hizi angekuwa amelala, yupo katikati ya chumba ameishika futi kwa vidole vyote kana kwamba itamponyoka. Fundi amesimama mbele yake na mikono imeinuliwa kidogo, kama anavyowaambia wateja wasimame kila siku. Ni mara ya kwanza kupimwa tangu alipokuwa mwanagenzi.

Mume anaizungusha futi kiunoni, anainama, anaisoma namba kwa sauti ya mtu anayeita watu kwenye tanuri.

"Punguza sauti, baba! Wateja wako nje."

"Kwani ni siri?"

"Ilikuwa," anasema mkewe. "Haya, isome tena."

Anaisoma tena, kwa upole. Mama Vifungo anaiandika kwa chaki ukingoni mwa meza, anaitazama kitambo, kisha anachora mstari wa mshono juu ya kitambaa. Pembeni yake, karibu sana, anachora mstari wa kukatia. Nafasi iliyobaki kati ya mistari hiyo haipiti upana wa kidole kidogo.

Mkasi ameacha kazi yake na kusogea. Anatazama mistari, anakunja uso.

"Dada, umesahau kuacha akiba ya pembeni."

"Sijasahau," anasema Mama Vifungo, na anaanza kukata.